Mikono ya Fundi Redio

Baba yangu ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, na mtaani wanamwita Redio. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hazimiki. Aliongea akipima, aliongea akikata, aliongea hata uso ukiwa ndani ya kinyago cha kuchomelea, maneno yakimtoka humo kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Mteja alikuja kuagiza dirisha moja, akajikuta amekaa juu ya ndoo mpaka adhuhuri anacheka. Mama alikuwa akisema, "Nilidhani naolewa, kumbe nimeletewa redio isiyo na swichi."

Lakini miaka thelathini na minne ya kupiga nyundo juu ya bati haipiti bure. Alipofika hamsini na saba, sikio la kushoto likafa kabisa, na la kulia likaanza kulifuata. Mwanzoni tulidhani ni ubishi wa uzeeni. Mama akimwita aje kula, haji. Akimwambia wageni wako sebuleni, anatoka na taulo kiunoni mbele ya wageni. Mimi ndiye kitinda mimba, ndiye niliyebaki nyumbani, na kwa kuwa nafanya kazi kwenye duka la dawa, kila jambo la hospitali huwa ni langu. Nikampeleka.

Daktari wa masikio alimpima mara mbili, kisha akanigeukia mimi, kana kwamba Baba ni mzigo niliokuja nao.

"Mwambie mzee," alisema, "kile kidogo kilichobaki upande wa kulia nacho kitaondoka. Lini, siwezi kujua. Kifaa cha kusikia hakitamsaidia, mshipa wenyewe ndio umechoka."

Niliandika maneno hayo kwenye karatasi. Baba akayasoma, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakutoa neno. Nilitembea pembeni yake nikihisi aibu, kama mimi ndiye niliyemzima.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Watu wanadhani kiziwi anakosa sauti tu. Baba alikosa zamu. Kwenye mazungumzo hakujua tena lini aingie, lini aache. Alianza kisa wakati mtu mwingine anazungumza, akaona nyuso zimeganda, akaacha katikati. Baadaye akaacha kuanza kabisa. Kule karakana, msaidizi wake wa miaka mingi, jitu refu kama nguzo ambalo kwa utani wa fundi linaitwa Kifupi, alimwambia Mama, "Shemeji, siku hizi nafanya kazi na kaburi." Kisha akaomba radhi kwa neno hilo.

Mama ndiye aliyesikia habari za darasa. Kila Jumamosi alasiri, kwenye chumba kilichoko juu ya duka la vifaa vya shule, watu wazima walikuwa wakifundishwa lugha ya ishara. Akaamua bila kumwuliza mtu.

"Tunakwenda wote watatu," aliniambia. "Simpeleki mgonjwa mimi. Yeye akijifunza peke yake ataongea na nani, na ukuta?"

Baba alipoandikiwa mpango huo kwenye karatasi, alitikisa kichwa. Sauti yake siku hizo ilikuwa kubwa kuliko alivyojua. "Mama watoto," alisema, majirani wote wakisikia, "samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka. Ukinikunja nitavunjika."

Mama akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ile ile: *Vaa viatu.*

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Alikuwepo muuguzi aliyechoka kuwahudumia viziwi kwa kubahatisha, na mzee mmoja mtengeneza saa tuliyemwita Babu Saa, ambaye mjukuu wake alizaliwa hasikii. Viti vilipangwa nusu duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Mwalimu alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, nywele fupi, saa ameivaa upande wa kiganja. Yeye mwenyewe ni kiziwi tangu kuzaliwa. Aliingia, akatutazama mmoja mmoja bila haraka, akaandika ubaoni: *Humu ndani hakuna sauti. Ukikwama, inua mkono. Ukichoka, inua miguu.* Watu wakacheka, na nikafikiri tumefika mahali pazuri.

Siku hiyo tulijifunza kujitambulisha. Jina, kazi, na uliyekuja naye. Zamu ya Baba ikafika. Sasa, mkono wa kulia wa Baba una vidole viwili, cha pete na cha mwisho, ambavyo havinyooki. Boriti iliviangukia kabla mimi sijazaliwa. Ishara ya "mume" ambayo Mwalimu alituonyesha inataka vidole vyote vinyooke kando ya kidevu. Vya Baba vikapinda. Akamwelekezea Mama kidole, akajielekezea kifua, akafanya ishara ile kwa bidii zote, na mkono ule uliopinda kidevuni ukawa ndevu. Mwalimu alikuwa ametufundisha wanyama wa nyumbani dakika kumi tu kabla. Mbele ya darasa zima Baba alikuwa amesema, "Mimi ni mbuzi wake."

Chumba kililipuka. Babu Saa alishika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote, kichwa nyuma na mdomo wazi, alikuwa Mama.

Baba hakujua amesema nini. Alichoona ni midomo iliyofunguka pande zote, na katikati yake mdomo wa mkewe. Maisha yake yote aliwachekesha watu kwa kutaka mwenyewe. Alisimama, akakirudisha kiti chake sawasawa kwenye mstari, akashuka ngazi.

Mama alimkimbilia. Alimweleza njiani kwa mikono, kwa mdomo, kwa vumbi la barabarani alipoinama kumwandikia kwa kidole. Baba aliitikia kila kitu kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyomwitikia mteja ambaye hatarudi kwake. Jumamosi iliyofuata alikuwa na kazi karakana. Iliyofuata, vile vile.

Mimi na Mama tuliendelea kwenda. Jumamosi ya pili bila Baba, Mwalimu alikionyesha kiti kitupu, akainua nyusi. Mama akachukua daftari la Mwalimu, akaandika ukurasa mzima, akikosea na kufuta, machozi yakidondoka juu ya wino. Mwalimu alisoma mpaka mwisho. Hakumbembeleza wala hakumpigapiga bega. Aliandika swali moja tu: *Karakana yake iko wapi?*

Yaliyotokea huko nimeyajua kwa Kifupi, na kwa kurasa za daftari ambazo Baba alizitunza.

Mwalimu alifika Jumatano, wakati wa kazi. Alisalimia kwa kichwa, akachukua ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Nusu saa nzima hakufanya lolote ila kutazama. Msumeno wa umeme ulikuwa unanguruma, cheche zinaruka, na kama ilivyo karakana zote, hakuna aliyejaribu kupiga kelele juu yake. Baba akiinua ngumi, Kifupi anasimama. Vidole viwili vikifumbwa na kufumbuliwa, Kifupi analeta koleo. Kiganja kikishushwa, chuma kinaingia kwenye maji. Halafu akapita mteja mmoja msumbufu upande wa pili wa barabara, na Baba, bila kugeuka, akajivuta ncha ya sikio. Kifupi akajificha nyuma ya mlango.

Mwalimu akacheka. Akasogea, akampa Baba daftari.

*Ishara hizi alikufundisha nani?*

Baba akaandika kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo: *Hakuna. Kelele.*

*Nimehesabu ishirini na sita. Darasani wapo ambao hawajafika kumi na tano.*

*Hizi ni za kazi tu.*

*Na kuongea si kazi? Mimi naifanya kutwa.*

Mwalimu akageuza ukurasa. Huu ndio ukurasa ulioshikwa sana, una alama za vidole vyenye grisi kila kona.

*Siku ile kosa lilikuwa langu. Nilitoa ishara inayotaka vidole vitano bila kwanza kuangalia mkono wa kila mtu. Naomba nione mkono wako.*

Kifupi anasema Baba aliutazama mkono wake kama hajawahi kuuona. Akaufuta kwenye suruali, akaunyoosha. Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili. Alivijaribu vidole kimoja kimoja, taratibu, kipi kinakwenda mpaka wapi, kipi kinagoma wapi, kama fundi anavyoijaribu bawaba iliyoshika kutu kabla ya kuamua lolote. Kisha akaugusa mkono wa kushoto, akamwonyesha "mume" kwa mkono huo. Baba akaifanya. Ikatoka safi.

*Inaruhusiwa?* akaandika.

*Nina rafiki mwenye mkono mmoja. Ni mmbea kuliko watu wote ninaowajua.*

Hapo Baba akatabasamu, lakini alikuwa bado na ngao yake ya mwisho. Akaandika methali ile ile, samaki mkunje angali mbichi, akaipigia mstari chini. Mwalimu aliisoma. Akatazama karakana. Ukutani kulikuwa na geti linalosubiri rangi, na katika geti hilo Baba alikuwa amekunja nondo nene zikawa mizabibu, majani, na maua yenye petali tano tano. Mwalimu akaenda mpaka getini, akashika ua moja, akarudi, akaandika:

*Hili ulilikunja likiwa bichi?*

Kifupi anaapa kwamba kicheko kilichomtoka Baba kilimfanya adondoshe nyundo mguuni. Miezi saba alikuwa hajakisikia.

Jumamosi hiyo Baba alivaa viatu kabla ya Mama. Tulikuta ubaoni pameandikwa: *Kosa langu la wiki.* Mwalimu alianza yeye. Alitusimulia, kwa ishara rahisi na kuchora pale tulipokwama, kwamba mbele ya nyumba aliyohamia kuna jengo, na kwenye dirisha la jengo hilo kuna mwanamume anayempungia mkono kila asubuhi. Naye kwa adabu akawa anampungia. Wiki nzima. Siku ya saba akagundua kwamba yule bwana anafuta kioo.

Baada yake kila mtu akatoa lake, na tukaambiwa tulifanye kosa hilo wote pamoja, darasa zima, mpaka likose mwenyewe. Ilipofika zamu ya Baba, alisimama. Nilishika mkono wa Mama. Baba akamwelekezea Mama kidole, akajielekezea kifua, akafanya ndevu za mbuzi, makusudi kabisa, na akaongeza kutafuna. Watu kumi na mmoja tukawa mbuzi wa Mama. Mama alilia na kucheka, na safari hii Baba alikuwa anajua wanacheka nini.

Kisha Mwalimu akamweka mbele, afundishe ishara za karakana. Muuguzi aliipenda ile ya kuvuta sikio. Nasikia sasa inatumika wodi nzima, mgonjwa mkorofi akiingia.

Nimekaa nikifikiri mara nyingi kuhusu ufundishaji wa yule dada, kwa sababu mimi shuleni nilifundishwa kwa kofi. Yeye sikumwona hata siku moja akimwambia mtu "si hivyo." Ukikosea, alifanya yeye kwa usahihi, polepole, mara moja, kisha akasubiri. Kusubiri kwake ndiko kulikokuwa na ufundi. Hakutazama saa, hakuhamisha macho kwenda kwa anayejua. Alikuwa anakutazama wewe kama mtu anayesubiri habari njema. Na kila mtu alimpa kazi ya nyumbani inayomfaa. Mimi nilipewa majina ya maradhi na vipimo vya dawa. Babu Saa alipewa hadithi fupi za kumlaza mtoto. Baba aliandikiwa: *Kisa kimoja kila wiki. Kiwe cha kweli, au karibu na kweli.* Alikuwa amegundua kitu ambacho sisi tuliokaa naye nyumba moja tulikuwa hatujakiona. Maneno peke yake hayakumvuta Baba. Alihitaji kuwa na cha kusimulia.

Haikuwa rahisi hivyo wakati wote. Wiki tulipofika kwenye tarakimu na vipimo, vidole vyake vilivurugika, akaipiga meza ngumi, akavaa kofia aondoke. Mwalimu hakumzuia. Alitoa futi ya kupimia kwenye mkoba, akaiweka mbele yake, na kuanza kupima meza vibaya, makusudi, akiandika hesabu za ajabu. Baba alivumilia dakika moja. Fundi hawezi kuona futi imeshikwa vile. Akavua kofia, akamnyang'anya futi, akamwonyesha kwa vidole: sentimita sabini na mbili, si arobaini. Alipomaliza ndipo akagundua amezitaja zote sawa.

Mwezi wa nne wa darasa akaleta kisa cha mjukuu. Dada yangu mkubwa ana binti wa miaka minne ambaye alikuwa ametutembelea, na Baba wakati huo alikuwa akijaribu pia kusoma midomo. Ili uelewe kisa hiki, simama mbele ya kioo, useme bila sauti: pipi, bibi, mimi. Utaona mdomo haubadiliki.

Baba alisimama katikati ya nusu duara. Akawa mtoto: macho makubwa, mkono wazi, "Pipi." Akawa yeye mwenyewe: "Bibi yuko jikoni." Mtoto akapiga mguu chini: "Pipi!" "Wewe? Ndiyo, nakuona ni wewe." "Pipi!" "Basi ngoja nimwite bibi." Akawa Mama, anatoka jikoni, mikono na unga, anajigusa kifua: "Mimi?" Na Baba, ambaye sasa alikuwa ameelewa kila kitu, kwa heshima kubwa anatoa pipi mfukoni na kumpa Mama. Mtoto analia. Mama anamenya pipi.

Mdomoni maneno yale ni mamoja, lakini mikononi kila moja lina ishara yake, na Baba alizichezesha zile tatu kama mtu anayerusha machungwa hewani. Darasa halikupiga makofi. Viziwi hushangilia kwa kuinua mikono na kuitikisa. Mikono ya darasa zima ilitikisika juu. Mwalimu alikuwa amefunika macho kwa kiganja, mabega yanaruka. Baba alisimama pale, kifua kimepanda, akitazama huku na huku, na nikaona uso ambao nilikuwa nimeshauzika.

Sasa niseme kuhusu ugomvi wa wazazi wangu. Nimekulia ndani yake kama wengine wanavyokulia karibu na mto. Waligombana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, kuhusu shangazi, kuhusu mwaka ambao jirani alihama. Ilikuwa mchezo wao, na mshindi alichekwa. Masikio yalipokufa, ugomvi nao ukafa. Ugomvi wa karatasi hauna ladha. Mpaka upate kalamu, hasira imeshatoka.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, Baba alichukua sufuria nzuri ya Mama akakorogea rangi ya geti. Nilikuwa nakunja nguo sebuleni niliposikia mlango wa uani unabamizwa, kisha kimya. Nikaenda kuchungulia. Walikuwa wamesimama uso kwa uso, na sufuria ya kijani kibichi chini katikati yao.

"Nyumba hii ina makopo sita!" Mikono ya Mama ilikata hewa. "Sita! Kwa nini hii?"

"Ilikuwa karibu."

"Karibu? Hata mimi niko karibu! Mbona hukukorogea kichwani mwangu?" Hapo akataka kutaja sufuria tena, ishara ikampotea, akafanya aliyoikumbuka.

Baba akainua kidole. "Umekosea. Hiyo ni kofia."

Ah! Kusahihishwa sarufi katikati ya hasira! Mama alitukana kwa ishara ambazo hazikufundishwa darasani. Baba akajibu, mkono wa kushoto ukikimbia kama wa mtu aliyezaliwa nao, akamkumbusha kuhusu shati lake la harusi ambalo Mama alilifanya kitambaa cha kudekia mwaka ambao mimi nilianza shule. Mama akasema shati lilikuwa limetoboka. Baba akasema limetobolewa. Kisha, alipoona anashindwa, akafanya ujanja ambao kiziwi peke yake anao: akafumba macho. Mama akamshika kidevu, akampulizia usoni mpaka akafumbua.

Ghafla Mama akaacha. Akaniona mlangoni, akaja mbio, akanikumbatia na nguo nilizoshika.

"Amenijibu!" alisema kwa sauti, machozi yanamwagika. "Umeona, mwanangu? Amenijibu!"

Baba alinitazama juu ya bega lake, akauliza kwa mkono mmoja, "Nimeshinda?"

Sikio la kulia liliondoka mwezi wa tisa. Kumbe alikuwa na desturi ambayo hakutuambia: kila alfajiri, kabla hajatoka chumbani, aligonga kikombe kwa kijiko karibu na sikio, kusikia kama bado kipo kidogo. Asubuhi hiyo mimi na Mama tulikuwa jikoni. Tulisikia ting. Ting. Kisha kwa nguvu zaidi, na zaidi, mpaka kikombe kikavunjika. Akatoka ameshika mpini wa kikombe. Akauweka mezani.

"Kimya," alisema kwa mkono.

Mama alizima jiko. Hakutafuta karatasi. "Unaogopa?"

"Ndiyo."

Wakakaa, magoti yakigusana. Baba aliongea muda mrefu. Alisema alidhani siku hii ikifika itakuwa kama kufukiwa hai. Alisema tangu hospitali alikuwa akiihesabia siku moja moja kama mfungwa, ila yeye alihesabu kuelekea kuingia. Kisha akasema, "Sauti ya mwisho niliyosikia ni ya jana jioni. Ni wewe, ukimkemea muuza mkaa. Nilitamani ingekuwa kitu kitamu zaidi."

Mama alifikiri. "Mkaa ulikuwa umelowa," alijibu.

Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilikwenda kuokota vigae chumbani, kwa sababu sikutaka waone nalia.

Jumamosi akamweleza Mwalimu. Nilijiandaa kwa maneno ya pole. Mwalimu alimsikiliza kwa macho mpaka mwisho, akampa mkono, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Halafu akamwuliza, "Na kisa cha wiki kiko wapi?" Baba alikuwa nacho. Kilikuwa cha muuza mkaa.

Imepita miaka miwili. Mwalimu amehamia mji mwingine, anawafundisha watu wapya, na hutupigia simu ya picha kila mwisho wa mwezi. Baba humshikilia nusu saa nzima. Darasa letu sasa linaongozwa na muuguzi, na Baba ndiye anayekaa na wageni wa siku ya kwanza. Kabla hajawaonyesha lolote, huomba kuona mikono yao. Kifupi anaongea kwa ishara vizuri kuliko mimi. Wateja wamerudi kukaa juu ya ndoo, na wasiojua lugha hucheka hivyo hivyo kwa kumtazama tu.

Tatizo limebaki moja, nalo ni chakula. Zamani Baba aliongea huku anakula. Sasa mikono inayoongea ndiyo ile ile inayoshika kijiko, na Baba akiwa na habari, kijiko hakina nafasi. Jana alianza kutuelezea geti la mteja fulani, mlango ulivyopimwa kwa mtu mwembamba na mwenye nyumba akaja kuwa mnene. Mchuzi ukaganda. Mama akaichukua sahani, akaenda kuipasha moto, akairudisha. Kisa kilikuwa bado mlangoni. Ukaganda tena.

"Kula kwanza!" Mama alimwambia, mikono yote miwili.

Baba akashika kijiko. Akakipeleka nusu ya njia. Akakirudisha sahanini.

"Namalizia hapa tu," alisema.

Mama akasimama, akaibeba sahani kurudi jikoni mara ya tatu, akitembea kinyumenyume ili asikose mwisho wa kisa.